Maili Moja na Robo

Arnetta Gaines aliitambua sukuma wiki kabla hajamtambua mtu. Picha ilikuwa kubwa kama mlango, nyeusi na nyeupe, imetundikwa ukutani katika maktaba ya mji, na ndani yake mlikuwa na tuta la mboga lililozungushiwa chupa zilizofukiwa midomo chini. Katika mji wao wote, na pengine katika Ohio nzima, hapakuwa na mtu mwingine aliyepamba matuta yake kwa chupa isipokuwa bibi yake. Kisha akaziona ngazi tatu za baraza. Kisha kijana aliyepiga goti katikati ya mboga, nyundo ameiinua juu ya kigingi, akimchekea mtu aliyekuwa nje ya picha.

Delphine, rafiki yake tangu walipokuwa watoto wa Mtaa wa Tansy, alisogeza miwani.

"Shoga," alisema polepole, "huyu si Lucius?"

"Lucius gani?"

"Lucius wako. Tazama masikio hayo. Mungu aliyatengeneza mara moja, akaona imetosha."

Arnetta hakucheka. Aliinamia maandishi. Chini ya picha paliandikwa: *Upimaji wa Barabara Kuu ya Jimbo Namba 417, Mtaa wa Tansy, Aprili 1962.*

Maonyesho yale yalieleza historia ya barabara iliyokuwa sasa inafukiwa. Ilikusudiwa iwe na urefu wa maili tisa na kuvuka mto. Watu wa ng'ambo walikuwa na mawakili, wakaikataa. Watu wa upande huu walikuwa na maombi ya Jumatano. Ikajengwa maili moja na robo tu, njia sita za magari ndani ya handaki la zege, ikaishia ukingoni mwa mto usio na daraja. Kwa ajili ya kipande hicho zilivunjwa nyumba mia nne na kumi.

Moja ilikuwa ya bibi yake Arnetta, Bibi Cora. Kila alfajiri bibi huyo aling'oa vigingi vya wapimaji bustanini mwake, akavitia jikoni kupikia uji. Kila siku vilirudishwa. Nyumba ilivunjwa Septemba, naye akafa kabla ya Krismasi, katika chumba cha ghorofa ya tatu ambako hakuwa na pa kupanda hata kitunguu. Arnetta alikuwa na miaka kumi na mmoja. Tangu hapo alimlaani mtu wa vigingi. Aliwasimulia wanawe habari zake mezani, mwaka baada ya mwaka, na Lucius alikuwa ameketi papo hapo, akipitisha mkate.

Alimkuta mumewe jikoni, anamenya viazi huku akisikiliza mpira redioni. Arnetta hakuvua koti.

"Aprili ya sitini na mbili ulikuwa wapi?"

Lucius alizima redio. Akakiweka kisu mezani taratibu, kama mtu anayeweka kitu kinachovunjika.

"Wameitundika ile picha," alisema.

"Kumbe unaijua."

"Najua ilipigwa. Nilikuwa na miaka ishirini, Netta. Mweusi wa kwanza kuajiriwa na ofisi ile ya upimaji. Mama alinipigia shati pasi usiku, asubuhi akalipiga tena."

"Sikukuuliza habari za shati. Ulijua ni kwetu?"

"Siku ile sikujua. Nilijua uliponipeleka kwa mama yako, nikaona picha ya bibi yako ukutani. Zilikuwa zimebaki wiki tatu tufunge ndoa."

"Wiki tatu ni siku ishirini na moja, Lucius."

"Nilizihesabu zote. Kila siku nilisema kesho."

"Halafu ikaja miaka arobaini na mitano."

Arnetta alimtazama mtu huyu ambaye alijua anavyokohoa, anavyofunga viatu, upande anaolalia, na akahisi kama mgeni ameingia nyumbani kwake na kuvaa nguo za mumewe. Lakini lililomchoma zaidi lilikuwa jambo jingine, dogo, na ilimbidi alitoe.

"Ulikuwa unacheka. Bibi yangu anang'olewa kwake, wewe unacheka. Na nani?"

Lucius aliinua macho. "Na yeye. Alikuwa barazani. Aliniambia, 'Kijana, kama ni lazima uniletee kuni, lete ndefu. Hizi fupi zinaniudhi.'"

Lucius alikisogeza kisu kando.

"Wiki iliyofuata nikampelekea vigingi virefu," aliongeza. "Msimamizi alinigombeza."

Arnetta aliketi bila kupenda. Kwa miaka hamsini na saba alimtunza Bibi Cora moyoni akiwa analia, kitambaa puani, kwenye ngazi zile tatu. Hakukumbuka kumwona akifanya mzaha mwaka ule. Na mzaha huo alikuwa nao Lucius muda wote, ameuficha, hakumpa hata alipokuwa anaumwa, hata siku walipomzika mama yake.

"Huo ulikuwa wangu," alisema. "Ungeninyima yote, huo ulikuwa wangu."

Akafunga begi, akaenda kwa Delphine.

Alikaa siku nne. Delphine alimpikia, akatania, kisha akaacha kutania. Jumapili, baada ya ibada, Arnetta alirudi akasimama mlangoni bila kuingia.

"Umewahi kupasahau pale kwa Bibi?"

"Sijawahi."

"Mimi kila mwaka nilikwenda kwenye daraja la juu ya barabara ile nikatafuta. Sikupaona hata siku moja. Chini ni magari tu."

Lucius alichukua koti lake.

Mitambo ya kufukia barabara ilikuwa imepumzika. Handaki lilikwisha kujazwa udongo mwekundu, sawa na barabara za kando, na mtu aliweza kutembea pale ambapo zamani magari yalipita. Lucius alianzia kwenye kona ya kanisa la matofali, jengo pekee la zamani lililosalia. "Futi mia mbili na sita," alisema, zaidi kwa nafsi yake. Akaenda kwa hatua zilizolingana, mzee wa miaka sabini na saba, mgongo umenyooka ghafla. Alikata kushoto. Akasimama.

"Ngazi hapa. Mlango. Jikoni ni hatua tisa mbele yako."

Arnetta alizitembea peke yake, kwa sauti, moja hadi tisa. Alipofika aligeukia mashariki, palipokuwa na dirisha, akakaa hivyo kwa muda mrefu, upepo ukipuliza koti lake.

Nyuma yake Lucius hakuwa amesogea. Alisimama pale alipopaita mlangoni, viatu sambamba, hakuvuka.

"Netta," aliita, "niingie?"

Alimsikia. Macho yake yalikuwa bado dirishani.