Mlio wa Jumatano

Jumatano saa tatu asubuhi, Karambu alikuwa jikoni kwake, chini kidogo ya Laare, akipima unga wa uji wa mama mkwe, wakati mlio wa bastola uliingia kwa mkebe wa unga. Hakushtuka. Milio ya bastola ya Mwongera ilikuwa inaishia kwake tangu mwaka uliopita. Kitu haikuwa sawa ni siku tu, kwa sababu Mwongera alikuwa anapiga shabaha Jumapili, akitoka kanisani. Mama mkwe ndio alikuwa ameshikwa na usingizi baada ya kukohoa mpaka asubuhi, basi Karambu akafunika mkebe haraka kabla mlio haujapasuka. Akaufunga na kipande cha tyubu ya baiskeli, halafu akatoka kuomba unga mwingine kwa jirani.

Hiyo bastola ilikuwa foti-faivu, ile kubwa, inabeba risasi saba na inajikoki yenyewe. Mwongera ndiye alikuwa ananunua miraa ya watu wa upande huo wote. Aliomba leseni akisema anaogopa majambazi, akapewa. Kila Jumapili alienda kwa timbo ya mawe, anatundika koti la kanisa kwa mti, anapanga mikebe kwa jiwe, anasimama miguu imepanuka, bastola kwa mikono miwili. Akifyatua, mikono inaruka mpaka usawa wa paji la uso. Jiwe linatoa vumbi. Maganda ya shaba yanaruka kando yakiwa moto, na kuku wa watu wanayakimbilia wakifikiria ni mahindi. Mlio ndio haukuwepo. Mlio ulikuwa unatokea nusu kilomita huko chini, kwa sufuria za Karambu. Saba, halafu anabadilisha magazini, halafu saba tena. Sufuria mbili zilikuwa zimepasuka. Siku hizi Karambu alikuwa anaacha vyombo vimejaa maji Jumapili, maji yanameza mlio, yanabaki kutetemeka tu. Alishaenda kumwambia Mwongera. Mwongera alimsikiza vizuri, akamwekea chai, akasema yeye upande wake hasikii kitu.

Karambu hakufika kwa jirani. Alikutana na watu njiani wamembeba mume wake, Kithinji, juu ya ngazi.

Kwa mpaka wa shamba lao na la Mwongera kulikuwa na miti kumi na mbili ya miraa. Wazee walikuwa wamekaa mara tatu na mara zote tatu wakasema ni ya Kithinji. Asubuhi hiyo Kithinji alikuwa juu ya mti akichuma. Mwongera akamwambia ashuke. Akashuka, akasimama na vijiti mkononi, na Mwongera akampiga risasi ya nyonga. Wachumaji wanane walikuwa hapo, hatua chache tu.

Hospitalini daktari aliangalia shimo, akaangalia picha, akaonyesha Karambu risasi imekaa kando ya mfupa, nene kama jino la ng'ombe. Alisema itolewe kabla Ijumaa iishe, kwa sababu baada ya hapo damu itaharibika. Lakini jeraha la risasi ni kitu ya polisi. Bila namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, kutoka kituoni hakuna mtu atashika kisu. Hiyo ilikuwa imeandikwa kwa ukuta, na daktari akamwonyesha pale ukutani.

Kwa kituo cha polisi Karambu alipata Koplo Njiru, mtu wa Embu, mpole. Njiru alienda mpaka shambani siku hiyo hiyo. Akauliza wale wanane mmoja mmoja. Wote walisema kitu moja: waliona mkono wa Mwongera umeinuka, ukaruka, halafu Kithinji akaketi chini. Lakini hawakusikia kitu. Mmoja akasema labda Mwongera alikuwa anaonyesha ndege. Wote wanane walikuwa wanamuuzia Mwongera miraa, na ilikuwa kweli hawakusikia. Mwongera mwenyewe alileta bastola kituoni bila kuitwa, na leseni ndani ya karatasi ya plastiki. Risasi moja haikuwepo. Akasema ilianguka mahali.

"Mama, bunduki saizi hiyo inasikika mpaka Maua," Njiru akamwambia Karambu. "Hakuna mtu amesikia. Sasa niandike nini?"

"Mlio uko kwangu," Karambu akasema. "Nimeufunika."

Njiru akafikiria. Akasema basi aulete, ni eksibiti.

Alhamisi asubuhi Karambu alibeba mkebe kwa mapaja juu ya bodaboda, ameufunga na leso mara mbili, akimwambia jamaa wa pikipiki apite matuta polepole. Jamaa akauliza kama ni mayai. Akaambiwa ni mlio wa foti-faivu, na kutoka hapo akaendesha vizuri sana.

Shida ni kwamba mlio unafunguliwa mara moja tu. Njiru alieleza kwamba lazima OCS, mkubwa wa kituo, asikie na masikio yake, na OCS, Madam Wawira, alikuwa kwa mkutano mpaka kesho. Karambu akifungua mbele ya Njiru peke yake, Njiru anageuka shahidi, na shahidi hawezi kuandika OB. Basi Karambu akakaa kwa benchi na mkebe. Mfuniko ulikuwa umeanza kuvimba. Kila saa alikaza tyubu. Watu walikuja kuripoti mbuzi na simu zilizopotea, wanamsalimia, wanakaa mbali kidogo.

Gacheri, dada ya Kithinji, ndiye alikuwa kando ya kitanda. Alikuwa anatuma meseji. Saa nane: joto imepanda. Saa kumi: anaongea na baba. Baba yao alikuwa amezikwa miaka ishirini. Saa kumi na mbili: baba amekuja mwenyewe, ameketi upande wa dirisha, hajavua koti. Ijumaa asubuhi: muuguzi amemletea baba kiti kizuri, anasema hawa wakija hawakai sana.

Karambu alisoma hiyo ya mwisho mara mbili. Akaweka simu kifuani, akashika mkebe na mikono yote miwili.

Madam Wawira aliingia saa tano na dakika kumi. Mwongera alikuwa naye, walikuwa wamekutana kwa geti. Mwongera akamsalimia Karambu, "Muga," akauliza mgonjwa anaendeleaje. Karambu aliweka mkebe juu ya meza ya ripoti, akasema hii ni sauti ya Jumatano, risasi iliyo kwa mume wangu ilitoka na hii. Akafungua tyubu.

Mlio ulitoka wote. Kalenda ikaanguka, vumbi ya unga ikajaa chumba, mabati yakapiga kelele kutoka upande huu mpaka ule. Mahabusu wakalala chini. Njiru alikuwa chini ya meza na kalamu. Huko sokoni Laare, wale wachumaji wanane waliinua vichwa wakasema hiyo ni ya Mwongera, halafu wakaendelea kufunga miraa.

Mwongera alikuwa wa kwanza kuongea. Alisema ndio mara ya kwanza anaisikia, na hakujua ina nguvu hivyo.

Madam Wawira akapanguza unga kwa mabega. Aliuliza mlio umetoka wapi. Karambu akasema kwa mkebe. Mkebe wa nani? Wake. Na saa ngapi sasa hivi? Saa tano na dakika ishirini, Njiru akasema. Basi, akasema Madam, mlio wa bunduki umefyatuliwa leo Ijumaa, ndani ya kituo cha polisi, kutoka kwa mkebe wa huyu mama. Ile ya Jumatano ni maneno mengine, na haina mlio. Mwongera ana leseni. Mama ana leseni ya mlio?

Karambu alisema hana.

Madam akaenda ofisini kwake, Mwongera nyuma yake akifunga mlango pole. Njiru akafungua kile kitabu kikubwa. Alimweleza Karambu bila kumwangalia. Akikataa mlio kuandikwa ni wake, hakuna tukio, anaenda nyumbani na mkebe wake. Akikubali, ni kesi yake mwenyewe, analala ndani, na akishasema mlio ni wake, hauwezi tena kuwa wa Mwongera.

"Nikikubali inapata namba?"

"Kila kesi inapata namba."

"Hospitali wanasoma vile imeandikwa, ama wanaangalia namba?"

"Wanaangalia namba."

"Andika."

Akaandika. Karambu akaweka sahihi, akatuma namba kwa Gacheri, halafu akatoa simu, mshipi na viatu, akaviweka juu ya meza kama alivyoambiwa.

Muuguzi alinakili namba kwa faili, na Kithinji akasukumwa ndani ya chumba cha upasuaji saa saba na nusu. Risasi ilitoka nzima. Kwa kuwa ilikuwa mali ya mtu aliye na leseni, waliiosha, wakaiweka kwa bahasha, wakampigia simu. Mwongera alikuja jioni, akaweka sahihi, akashukuru kila mtu kwa wodi. Akasimama kidogo kando ya kitanda, akamwambia Kithinji apone haraka, kwa sababu ile miti kumi na mbili ilikuwa imeachwa bila mtu, na yeye alikuwa amelazimika kuanza kuichuma.