Toba ya Wimbo

Tangu Krismasi mpaka Januari inaelekea katikati, wazee wa kanisa pale Kihesa walikuwa wakiitafuta dhambi ya Fanueli na hawajaipata.

Adhabu walikuwa wamekwisha kuitoa. Hiyo haikuwapa shida. Siku ya Krismasi Fanueli alisimama mbele ya kwaya na gitaa alilolinunua Iyunga, kwa kijana mmoja aliyekuwa akirudi kwao kutoka migodi ya shaba ya Rhodesia. Akalipiga, kwaya ikaimba wimbo alioutunga mwenyewe, na kabla ubeti wa tatu haujaisha Mzee Silvester alikuwa amesimama, fimbo juu. Jumapili iliyofuata Fanueli akatengwa: asishiriki Meza ya Bwana, asiimbe kwaya, akae benchi la nyuma karibu na mlango. Lakini aliyetengwa hurudi kundini kwa kutubu, na anayetubu sharti aitaje dhambi yake kwa jina mbele ya watu wote. Mlevi husema ulevi. Mwizi husema wizi. Fanueli aseme nini?

Hapo ndipo walipokwama, na harusi ya Lea ikakwama pamoja nao.

Lea alikuwa binti wa Mzee Mika, ambaye naye ni mmoja wa wazee hao. Matangazo ya ndoa yake na Fanueli yalikuwa yamekwisha kusomwa mara mbili. La tatu lilizuiwa, maana kanisa halimfungishi ndoa mtu aliyetengwa. Mchele ulikuwa umefika kutoka Usangu, upo kwenye magunia chumbani kwa mama yake. Gauni lilikuwa limeshonwa. Na Fanueli, ambaye alikuwa mwalimu huko Mbeya, alitakiwa kupanda basi Jumatatu kwa sababu shule inafunguliwa. Ikifika Jumatatu bila ndoa, Lea angebaki Kihesa mpaka likizo ya Juni, akisalimiwa na kila mtu kwa sauti ile ya msibani.

"Niache nitubu gitaa, yaishe," Fanueli alimwambia asubuhi ya siku ya baraza la wazee, wakiwa wamesimama kwenye ua, mmoja huku, mwingine kule.

"Utubu kitu ambacho si dhambi?"

"Nitatubu chochote, Lea. Wakitaka nitatubu hata viatu."

Lea hakucheka. Alikuwa na neno moyoni, na kadiri alivyolitafakari ndivyo alivyoona kwamba neno hilo lingemaliza kesi yote.

Baraza lilikutana nyumbani kwa Mzee Mika siku hiyo, kwa kuwa paa la ofisi ya kanisa lilikuwa linavuja. Mvua ilipiga bati, wazee wakapandisha sauti, na Lea akaingia na birika la chai.

"Tuseme gitaa," Mzee Silvester alisema. "Hilo tulilishika mkononi mwake. Hakuna ubishi."

"Gitaa ni mbao na nyuzi," Mchungaji akajibu. Alikuwa mtu mpole. "Daudi naye alipiga nyuzi. Nitamfanyaje kijana atubu mbao?"

"Basi mdundo. Ule ni mdundo wa dansi. Nimeusikia."

"Umeusikia wapi?" Mzee Mika aliuliza.

"Dukani kwa Zubery. Ana santuri. Nilikwenda kununua chumvi."

"Chumvi gani hiyo, ndugu yangu, ya kusubiri mpaka santuri iishe?"

Wazee wakacheka. Mzee Silvester akasema kulikuwa na watu wengi mbele yake, na kwamba aliziba sikio moja.

"Mimi naona ni miguu," akasema Mzee Philbert, mkubwa wao kwa umri. "Sauti ya pili walitikisika. Wale wanawake. Niliwaona."

"Basi watubu wanawake?"

"Aa, wanawake walifuata tu. Mwanamke hufuata."

Lea, ambaye aliimba sauti ya pili, alimimina chai mpaka ikafurika kwenye kisahani. Hakuwa amefuata. Wimbo ule ulikuwa wake kabla haujawa wa Fanueli. Likizo moja alimwimbia sauti ambayo mama yake huiimba akisaga ulezi jikoni, na Fanueli akaipokea kwa nyuzi, akaitilia maneno ya kuzaliwa kwa Mwokozi. Ule mdundo uliomtisha Mzee Silvester ulikuwa mwendo wa jiwe: mbele, nyuma, mbele, mapumziko kidogo ya kuongeza ulezi, kisha mbele tena. Wazee hawa wote walikuwa wamekula ugali wa unga uliosagwa kwa sauti hiyo tangu walipoachishwa ziwa. Hawakuijua, kwa kuwa mwanamume hakai jikoni. Wakijua kwamba haikutoka kwa Zubery wala kwenye dansi, kwamba imetoka kwa mama zao wenyewe, wataiitaje dhambi?

"Wazee wangu, naomba kusema."

"Weka birika, uende," baba yake alisema.

"Mwache, Mzee Mika," alisema Mchungaji. "Pengine ana nuru. Sisi tumekosa."

Basi akasema. Alieleza yote: jiwe, mama, na nyanya kabla ya mama. Ili waamini, akaimba kidogo, kwa sauti ya chini, mkono ukienda mbele na nyuma juu ya meza.

Mzee Philbert alikuwa ameinamisha kichwa. "Ndiyo," alisema taratibu. "Ndiyo, jamani. Mama yangu. Nilikuwa nalala kwenye ngozi nyuma ya ukuta, nausikia." Akafuta macho kwa kiganja.

Lea aliona kwamba amefaulu. Aliona harusi, aliona basi la Mbeya, aliona nyumba ndogo ya mwalimu na maua mlangoni.

"Mama yako alibatizwa?" Mzee Silvester alimuuliza Mzee Philbert.

"Hapana. Alikufa kabla ya wamisionari kufika kwetu."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi ni wimbo wa wasiobatizwa. Tulipoingia ukristo tuliacha ngoma, tukaacha hirizi, tukaacha matambiko. Leo vinarudi vimebebwa kwenye gitaa. Hii ni mila ya kipagani, ndugu zangu. Tulikuwa tunahangaika na miguu, kumbe jambo lenyewe ni kubwa."

Lea alitazama nyuso zao zikibadilika, na kilichomkera zaidi, zaidi hata ya maneno yenyewe, ni kwamba wale wazee walifurahi. Walikuwa wametafuta jina kwa wiki mbili na zaidi, na sasa wamelipata. Mambo ya kipagani! Dhambi hiyo ilikuwa na jina tangu zamani na toba yake inajulikana.

"Wimbo wenyewe unasimulia mkamwana mvivu!" Lea alisema, na sauti yake ikapanda kuliko inavyofaa mbele ya wazee. "Kwamba analala mpaka jua linamchoma. Hakuna mzimu humo. Hakuna tambiko. Ni unga!"

Mzee Philbert alitabasamu ndani ya kikombe chake. Lakini mikono ya kumkubali Mzee Silvester ilipoinuliwa, wake pia uliinuliwa.

"Na aliyeuleta ni nani?" Mzee Silvester aliuliza, ingawa alijua. Wote wakamtazama Lea. Baba yake peke yake alitazama dirishani.

Wakakata shauri kwamba Jumapili watatubu wote wawili. Wakitubu vizuri, tangazo la tatu litasomwa hapohapo, na Mchungaji atawafungisha ndoa Jumatatu alfajiri, kabla ya basi. Walidhani wamefanya wema, na kwa kweli Mchungaji alimshika Lea bega alipokuwa akitoka, akamwambia, "Umeona, binti yangu? Yamekwisha."

Jumamosi Lea alimkuta mama yake akipepeta ule mchele wa harusi.

"Mama, ulipokuwa ukiimba jikoni, ulikuwa unatenda dhambi?"

"Nilikuwa nasaga."

"Sasa mimi nitubu nini?"

"Utubu upate mume. Mchele huu utaingia wadudu." Mama akatupa pumba upande. Halafu akasema, bila kuinua macho, "Sema tu, mwanangu. Mimi nitakuwepo, lakini masikio nitayaacha nyumbani."

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Fanueli aliitwa kwanza. Alisema, "Natubu mambo ya kipagani niliyoyaleta katika nyumba ya Mungu," kwa sauti safi, kama anayeita majina ya wanafunzi, na Mchungaji akampa mkono wa kuume. Watu wakaitika Amina. Akaongozwa kwenye benchi la mbele, upande wa wanaume.

Kisha Lea. Alisimama, akageuza macho upande wa wanawake. Mama yake alikuwa ameketi na kitambaa chake cheupe kichwani, mikono mapajani, anatazama sakafu. Mwanamke huyo alibatizwa akiwa msichana. Kila alfajiri tangu hapo aliimba kwenye jiwe, na kila mwezi alipiga magoti mezani pa Bwana, na hakuna aliyeona kosa. Lea akitamka lile neno, baraza lijalo litakaa kumzungumza nani? Angekuwa amejipatia harusi kwa kumpeleka mama yake kwenye benchi la mlangoni.

"Sema, binti," Mchungaji alimhimiza.

"Siwezi."

"Huwezi kutubu?"

"Dhambi ninazo, Mchungaji. Nina hasira, na jana nilimwambia baba uongo kuhusu kuku. Hizo nitazitubu sasa hivi. Lakini hii siyo, siwezi kuiita hivyo."

Mtu mmoja dirishani akacheka, akanyamazishwa. Mzee Silvester alipiga sakafu kwa fimbo. Mchungaji alifunga macho, akasimama hivyo kitambo, na alipofumbua alionekana amechoka kama mtu aliyepanda mlima kwa miguu.

"Rudi nyuma, ukafikiri," alisema.

Kwenye benchi la mlangoni alikuwepo Tusekile, Mnyakyusa aliyemfuata mumewe huku Iringa, akatengwa kwa kuuza ulanzi. Alisogea kumpisha.

"Karibu, mwenzangu," alinong'ona. "Mimi pombe, wewe unga. Tufungue hoteli."

Lea aliuma pindo la khanga. Hakujua kama kinachomtoka ni kicheko au kilio.

Watu wakaitwa mezani. Fanueli alisimama pamoja na wengine, akapanga mstari, akasogea. Alipokaribia ngazi za madhabahu alijitoa pembeni, akawapisha waliokuwa nyuma yake. Hakuenda mbele, hakurudi. Alisimama hapo katikati ya kanisa kama mtu aliyesahau alichotumwa, mpaka wimbo wa mwisho ukaisha.

Nje alimfuata Lea haraka, bila kujali macho ya watu.

"Neno moja tu, Lea! Kesho tungekuwa ndani ya basi."

"Na mama?"

"Mama sikumfikiria," alisema Fanueli.

"Najua."

"Nitarudi kwa wazee. Nitawaambia naifuta ile toba."

"Toba si shati la dukani, useme halikukutosha, urudishiwe fedha."

Fanueli alicheka kidogo, kicheko cha maumivu. Pale mlangoni wazee walikuwa wakipeana mikono na watu. Mzee Mika alipita karibu nao asiwatazame, akaufungua mwavuli ingawa mvua haikuwa imeanza.

"Kwa hiyo ni Juni," alisema Fanueli.

"Juni au mwaka mwingine. Mpaka wapate aibu, au sisi tuzeeke."

Fanueli alichora ardhi kwa ncha ya kiatu. Kisha akauliza, "Ibada ya jioni ni saa ngapi?"

"Saa kumi. Kwa nini?"

"Nitawahi. Benchi la mlangoni ni fupi, na Tusekile amelijaza."

Lea alimtazama. Asubuhi hiyohiyo mtu huyu alikuwa ametamka neno lisilo lake kwa sauti safi kabisa. Hakuwa na sababu ya kumwamini kabla ya saa kumi.

"Tutaonana huko," alisema, akaenda kumtafuta mama yake katika kundi la wanawake.