Maradhi Yanayojua Saa

Kilichomsumbua Anangisye ni kwamba maradhi ya mkewe yalijua saa. Alfajiri Milka hakuweza kushika jembe wala kufunga khanga. Jua likipanda, vidole vililegea, naye akamenya ndizi na kuchota maji kama mtu mwingine yeyote. Lakini palizi ya mpunga haingoji jua lipande. Wanawake wa Ndandalo huingia shambani umande ukiwa bado majanini. Kwa hiyo Milka alilala wakati wa kazi, akaamka wakati wa chakula.

"Mimi nimeugua mara nyingi," mama yake Anangisye, bibi Maria, alimwambia mwanawe. "Homa haijawahi kuniuliza kama kazi imekwisha."

Ushauri wake ulikuwa mfupi. Milka avushwe mto Songwe, arudishwe kwao Karonga, ng'ambo ya mpaka. Kama ni mgonjwa, watamtibu waliomzaa. Kama ni mvivu, ni haohao waliomlea. Anangisye hakukubali, wala hakukataa. Aliomba apewe muda wa kutazama.

Na kweli alitazama. Asubuhi moja aliaga kwamba anakwenda Njisi, mpakani, akazunguka, akajibanza katikati ya mikakao nyuma ya jiko. Milka alitoka peke yake. Alijaribu kufunga khanga, vidole vikagoma. Akaing'ata ncha moja kwa meno, akaivuta ya pili kwa viganja viwili, kama mtu aliyevaa soksi mikononi. Moyo wa Anangisye ulimwuma. Kisha akawaza: huenda ameniona. Mtu anayejua anatazamwa anaweza kung'ata hata khanga. Akarudi na mashaka yaleyale, na siafu miguuni.

Wiki hiyohiyo akaja Beatrice. Alikuwa muuza vitumbua wa palepale kijijini, ambaye mkutano wa kijiji ulimchagua akafundishwe kazi ya mhudumu wa afya katika hospitali moja ya misheni. Alirudi na begi la turubai, na Anangisye alilitazama lile begi kuliko alivyomtazama mwenyewe. Tangu biashara ya dawa ilipofunguliwa kwa kila mtu, kila mwenye meza sokoni alikuwa daktari.

"Ugonile, baba Tuntufye," Beatrice alimsalimu Anangisye kwa jina la mwanawe.

"Ndaga. Leo unauza nini?"

"Siuzi. Vitumbua nimemwachia mdogo wangu."

"Na humo begini?"

"Bandeji, kipimajoto na mkate wangu wa mchana. Mkate siutoi."

Milka alicheka. Bibi Maria akamkata jicho. Mgonjwa gani anacheka.

Beatrice aliketi karibu na Milka, akamshika mikono, akauliza polepole, kama anayekumbuka mpangilio. Unauma mkono mmoja au yote miwili? Yote. Asubuhi vidole vinakakamaa mpaka lini? Mpaka jua liipite migomba. Na alasiri?

"Alasiri vinaachia," alisema Milka kwa sauti ndogo, kama anayekiri kosa.

"Ndivyo tulivyofundishwa."

Anangisye alishtuka. Jambo lilelile lililomtia mkewe hatiani, huyu alilipokea kama alama aliyokuwa akiitafuta. "Mlifundishwa nini?"

"Kwamba mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu. Wakati mwingine wanakosea, wanavishambulia viungo vya mwenyewe. Akilala vinakakamaa, akitembeatembea vinalegea. Mimi siwezi kuthibitisha, mpaka daktari ampime. Lakini akicheleweshwa, vidole vitapinda visinyooke tena." Akamgeukia bibi Maria kwa heshima. "Unaitwa baridi yabisi."

Kiswahili cha bibi Maria kilikuwa cha sokoni tu. "Anasemaje?"

Anangisye alitafsiri kwa Kinyakyusa bila kufikiri. "Anasema ni mbepo, mama."

Mzee akainuka, akatoka nje bila kuaga.

Mbepo ni baridi, ni upepo. Lakini wazee wa huko wakilitamka neno hilo mbele ya mgonjwa, wanasema juu ya pumzi ya watu: manung'uniko ya majirani waliokosewa, yanayoishukia nyumba ya mkosaji na kumgandisha mtu. Hayapelekwi hospitali. Watu hukiri, wakapatana.

Kufikia jioni kijiji kilikuwa kimesikia kwamba Beatrice ametumwa na serikali kuthibitisha mbepo. Kesho yake majirani waliozoea kukatiza uani wakaanza kuzungukia mbali, kila mmoja akichelea kudhaniwa ndiye aliyenung'unika. Anangisye naye akaanza kuzipima salamu zao: huyu kaitika kwa haraka, yule kaitika kwa upole mno.

"Baba yako alipozikwa, watu walikula maharage," alisema bibi Maria. "Na ng'ombe wa kuwachinjia yumo zizini."

"Mbona basi imempata Milka, haikunipata mimi?"

"Inajua pa kukuumizia. Hospitali haendi. Kesho anavuka mto, akae kwao mpaka watu wapoe."

Asubuhi Beatrice alifika akihema. "Nani amesema mbepo?"

"Wewe," alijibu Anangisye.

"Mimi nilisema baridi yabisi."

"Na baridi ni nini?"

Beatrice akaelewa kosa lilipotokea. Darasani jina liliandikwa ubaoni, wote wakalinakili. Hakuna aliyeuliza litasikikaje uani kwa bibi Maria. Akachuchumaa mbele ya mzee, akaendelea kwa Kinyakyusa.

"Bibi, aliyepatwa na mbepo, mwili wake unakuwaje?"

"Baridi. Kama samaki."

"Basi mshike mkweo mkono."

"Na mimi inipate?"

"Mimi nilimshika juzi. Nimekufa?"

"Juzi ni karibu."

Anangisye ndiye aliyenyoosha mkono. Miezi yote alivitazama vidole vile; hakuwa amevigusa. Vifundo vilikuwa vimevimba, na vya moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi.

"Mama, panachoma."

Bibi Maria hakuwa na imani tena na tafsiri za mwanawe. Akagusa mwenyewe, kwanza kwa kidole kimoja, kisha kwa kiganja kizima. Akavipapasa vifundo kimoja kimoja, Milka akitazama juu, kwenye nyasi za paa.

"Hii siyo mbepo," alisema hatimaye, kwa kinyongo. "Basi ni nini?"

"Jina lake la Kinyakyusa silijui, bibi. Najua njia ya kwenda kwa daktari tu."

"Hata jina huna."

"Sina."

Jibu hilo lilimtuliza mzee kuliko habari za askari. "Aende. Lakini yale maharage hayajasahaulika."

Jua lilipomlegeza Milka vidole, Anangisye alitoa baiskeli, akafunga khanga iliyokunjwa juu ya keria. Milka hakusogea.

"Unanipeleka wapi?"

"Hospitali. Hukusikia?"

"Nimesikia mengi nyumba hii. Ya hospitali na ya mpakani ni barabara moja mpaka njia panda."

Anangisye alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. "Sasa unataka nini?"

"Beatrice atangulie. Yeye ashike njia, wewe usukume."

Wakaenda hivyo. Walipokaribia njia panda Milka alibana tandiko la baiskeli kwa nguvu zote alizokuwa nazo, macho yakiwa kwenye begi la turubai huko mbele. Beatrice akashika njia ya mjini, ya hospitali. Ndipo Milka akapumua, akamwambia mumewe akwepe mashimo, yanamwumiza.