Mkono wa Shingoni

Jumapili asubuhi Banza alikuwa akimmwagia Josias maji mgongoni, nyuma ya nyumba ya Mama Fidélie huko Dilala, mjini Kolwezi, kwa sababu bomba la bafuni lilikuwa limekauka tena. Povu lilipoondoka zikabaki alama za mikono. Zilikuwa za kijani, kijani kile kile cha mawe ya shaba, na kila alama ilikuwa na kiganja na vidole: mabegani, ubavuni, moja shingoni, na moja pana kiunoni. Banza aliziangalia kama mtu anayesoma majina ya wageni wa harusi ambayo yeye hakualikwa.

"Huyu wa kiunoni ni Kabemba," akasema. "Kidole yake ya mwisho ilikatikaka mu shimo."

"Mwanga mayi, Banza. Sabuni inaniingia mu macho."

Hakukuwa na la kushangaza hapo. Mwanamume akimaliza siku mbili kwa Kalombo na ile poda yao, hurudi na mikono ya wenzake mwilini. Mama Fidélie, mwenye nyumba, alikuwa ameshaeleza jambo hilo: shaba imo majini, kutoka majini inaingia kwenye jasho, na poda inaitoa nje. Maelezo yalitosha. Wanawake wa soko waliuza kipande cha sabuni kwa ajili hiyo, cheusi, kinachonuka majivu, na waliomnunulia mume hawakuulizwa kitu.

Nyumba ya Kalombo ilikuwa upande wa barabara ya kwenda Tenke, yenye mapazia mazito na muziki wa chini. Ijumaa walikuwa wakifika wachimbaji, makarani, mwimbaji mmoja wa kwaya, na baba wa familia ambao wake zao waliambiwa kuna kazi ya ziada mgodini. Poda ililetwa na madereva wa malori. Iliondoa njaa, ikaondoa usingizi, ikaondoa haya, na haya ilipokwenda ilikwenda pamoja na kumbukumbu ya kondomu zilizowekwa katika kisahani juu ya meza. Kalombo hakuwa mtu mbaya. Kisahani alikijaza kila Ijumaa. Jumapili alikikuta kimejaa vile vile, akakipangusa vumbi.

Josias alikuwa dereva wa pikipiki. Kutwa alibeba watu, nao walimshika mabegani kama abiria wote wanavyofanya, wala mikono yao haikuacha alama. Banza alikuwa na meza ya glovu za kazi sokoni. Aliwauzia wachimbaji, na kwa miaka yote hiyo alikuwa amejifunza mikono ya watu kuliko nyuso zao. Yeye mwenyewe alivaa jozi moja tangu asubuhi hadi kufunga, kama tangazo. Mtaani walijulikana kuwa mtu na binamu yake. Mama Fidélie alijua chumba chao kina kitanda kimoja, akaamua kwamba binamu wa siku hizi wanapendana.

Banza alikuwa na wivu. Tusimpambe: alikuwa na wivu wa kumkosesha usingizi na hamu ya kula, wivu uliomfanya anuse mashati na kuhesabu vidole. Barabara ya Tenke aliichukia hata ilipokuwa imebeba malori tu. Kwa Kalombo alikwenda mara moja, mvua zilipokuwa zikianza, kumtoa Josias arudi nyumbani. Akapewa kiti. Akapewa kinywaji, kisha akapewa na kile kingine, kidogo tu, akakipokea ili asionekane mshamba. Halafu akalala fofofo. Ndivyo alivyokumbuka, na ndivyo alivyosimulia kila alipoulizwa na hata alipokuwa hajaulizwa.

Alama nyingine zilififia baada ya siku chache. Ya shingoni haikufifia. Ilikaa kwenye kisogo cha Josias, vidole vikipanda kuelekea nywele, dole gumba chini ya sikio, mkono wa mtu aliyeshika bila haraka. Ndani ya kijani chake mlikuwa na madoa madogo meupe, kama kiganja kilichoiacha kilikuwa na upele. Josias alipooga aliizunguka kwa sabuni, kama anayefagia akikwepa mkeka wa mgeni. Hilo ndilo lililomuua Banza.

Mama Fidélie aliiona Jumapili ile ile, akipita na beseni la nguo.

"Ile ya shingo haitatoka na sabuni, Tata Banza," akasema. "Ile ni ya muntu mwenye anapenda." Akaendelea na safari yake ya kuanika.

Wiki hiyo Josias alifungua viganja vyake juu ya meza ya chakula, akavionyesha. Vilikuwa na madoa mekundu yasiyowasha. Kabemba alikuwa nayo pia, akasema, na Kabemba alikuwa amekwenda kutibiwa: ilikuwa kaswende. Ni ugonjwa wa kupona, sindano tu, lakini ukiuacha unashuka chini na kuanza kula moyo na akili polepole.

"Inafaa tuende sisi wote mbili," Josias akasema. "Nikipona mi peke, weye utanirudishia."

"Mi sina kitu." Banza alikuwa bado amevaa glovu zake za mpira. "Hii ni kaoutchouc inanichomaka mu mikono. Uende na ule mwenye alikushika shingo. Yeye njo alikuletea."

"Hauwezi kujua ni nani?"

"Nitamujua."

Josias alimtazama kwa muda, akawa kama anataka kusema jambo, kisha akavuta sahani yake ya bukari, ugali wa huko. Hakusema, kwa kuwa alikuwa ameumia, na aliyeumizwa na kusahauliwa hapendi kukumbusha.

Banza alichukua kipande cha boksi la glovu, akakiweka shingoni mwa Josias alipokuwa amelala, akachora alama ile kwa kalamu, kidole baada ya kidole. Akaikata kwa mkasi. Kidole cha shahada kilikuwa kimepinda kidogo kuelekea cha kati. Akakipeleka kipande chake sokoni na kila mnunuzi akapimwa nacho kabla ya kupewa glovu. Wachimbaji waliweka mikono yao bila kuuliza. Walidhani ni utaratibu mpya. Mkono mmoja ulikuwa mnene, mwingine mfupi, wa mwingine ulikuwa sawa kabisa ila kidole hakikupinda, na Banza akamchukia mtu huyo kwa muda mfupi bila sababu. Mwimbaji wa kwaya alipita kununua glovu za kulimia bustani ya padri. Banza alimpima mara mbili.

Siku zikaenda hivyo. Josias akaanza kuumwa kichwa, nyusi zake zikapukutika kwenye pembe. Akaendelea kubeba abiria. Kila jioni aliuliza, "Tutaenda?" Kila jioni Banza akajibu kwamba bado hajampata mwenye mkono. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, lakini Dilala si pahali pa kungojea Idi.

Hatimaye akaja Kabemba, mchimbaji wa kidole kilichokatika, kununua jozi mpya. Banza alimsukumia boksi bila salamu.

"Weka mukono."

"Juu ya nini? Wangu unaujua. Iko ku kiuno, na iko na kidole ine." Kabemba alikichukua kile kipande, akakigeuza, akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Unamutafuta huyu?"

"Niambie jina."

"Toa gants, Tata Banza."

"Jina, minasema."

"Toa kwanza."

Banza alivua glovu ya kulia. Kabemba alimwekea boksi kiganjani, taratibu. Dole gumba likakaa. Kidole cha shahada, ambacho kilivunjika utotoni Banza akicheza mpira na kikaungwa vibaya, kikafuata mpindo wake. Hakikuzidi wala kupungua.

"Mwenyewe ulikuwa pale," Kabemba akasema. "Mvua ilikuwa inapiga ku mabati. Ulimushika Josias shingo mbele ya batu bote, ukasema, huyu ni wangu, hamuone? Hatukuwahi kukuona vile. Kisha ukalia. Kisha ukalala, ni kweli." Akachagua jozi yake. "Mi ningepata muntu wa kunishika vile, sinafikaka tena kwa Kalombo."

Kikulacho ki nguoni mwako, na wakati mwingine ki ndani ya glovu. Banza aliangalia kiganja chake mchana kweupe. Madoa yalikuwapo, mekundu, yametulia, na hayakufanana na muwasho wa mpira. Kwanza alijisikia haya. Kisha, na hili ndilo lililomshangaza yeye mwenyewe, wivu haukuondoka. Ulihamia tu. Alimwonea wivu yule Banza wa siku ya mvua, aliyeweza kusema maneno yale mbele za watu, wakati yeye mwenye akili zake timamu hakuwahi kumshika Josias hata bega nje ya chumba.

Jioni hiyo alisema, "Twende kesho." Josias alimtazama mikono iliyo wazi, akaelewa, akasema, "Muzuri."

Kituo cha afya kilikuwa na kanuni yake. Mwanamume mwenye ugonjwa wa aina ile hatibiwi bila mke wake. Ndiyo maana ng'ambo ya barabara, penye kikaango cha mandazi, palikuwa na Huguette. Huguette hakuwa na mume, lakini mume yeyote aliyehitaji mke alivuka barabara kumwomba, naye aliepua kikaango motoni, akafuta mikono kwenye kitenge, akaenda. Alikuwa ametibiwa kaswende mara nyingi kuliko mtu yeyote Lualaba, na hajapata kuiugua.

Waliingia, Josias na Huguette, wakaketi kwenye viti viwili, cha bwana na cha bibi. Banza alibaki nje kwenye benchi chini ya dirisha. Aliwasikia wote.

"Mama, habari ya nyumba?" aliuliza Adolphine, muuguzi, ambaye mwezi ule alikuwa amemwona Huguette na mabwana kadhaa.

"Ni muzuri, mama. Bwana yangu eko na ugonjwa."

"Minaona. Na ulifanya bien kukuja. Tukitibu bwana peke yake, ataenda kuichukua tena kwa ule mwenye analala naye. Njo maana tunatibuka bote mbili."

Yalikuwa maneno ya haki. Banza, chini ya dirisha, aliyakubali neno kwa neno.

"Na huu mukono wa shingo?" Adolphine akaendelea. "Uko na madoa. Ni wa nani? Mwenye mukono huu njo mwenye inafaa kupata sindano."

Banza akasimama. Akafika mlangoni, akauona mgongo wa Josias, akauona mkono wake mwenyewe, wa kijani, umekaa pale shingoni mbele ya watu bila woga wowote. Josias aligeuka. Alikuwa anangoja, na ilionekana wazi anangoja nini.

"Na weye, tata?" Adolphine akauliza.

Banza aliingiza mikono mfukoni.

"Mi ni binamu yake," akasema. "Nilimusindikiza tu."

"Binamu ngojea inje."

"Mukono ni wangu, mama," Huguette akasema. Akaweka kiganja chake kidogo, chenye mafuta ya mandazi, ndani ya alama ile. Kikabaki na nafasi pande zote, kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba. Adolphine alitazama mkono, akatazama alama.

"Muzuri," akasema. "Lala hapa."

Zilikuwa zimebaki dozi mbili. Moja akapata Josias, nyingine akapata Huguette, na sanduku likawekwa dirishani, tupu. Josias aliuliza kama kuna nyingine, kwa ajili ya rafiki. Adolphine alisema zitaletwa, barabara ikiwa nzuri, na huyo rafiki aje na bibi yake.

Huguette alitoka akichechemea. Alisimama mbele ya benchi, akajigusa nyonga.

"Tata Banza, sindano yako niko nayo hapa," akasema. "Pole." Akavuka barabara kwenda kwa mandazi yake, akakaanga siku nzima akiwa amesimama.

Josias aliwasha pikipiki. Hakumlaumu Banza, na Banza angependa kulaumiwa. Alipanda nyuma. Mbele yao dereva mwingine alikuwa amembeba mwanamke mzee aliyemkumbatia kwa mikono yote miwili, na nyuma yake mwanafunzi amemshika mzee. Wote wa Kolwezi walikuwa wakienda zao hivyo, wameshikana, watu wasiojuana hata majina.

Shingo ya Josias ilikuwa karibu kabisa na uso wake. Mkono wa kijani ulikuwa pale pale, umefungua vidole, na kituoni sasa ulijulikana kuwa wa Huguette.

"Shika," Josias akasema bila kugeuka. "Barabara ni mubaya."

Banza alitoa glovu mfukoni, akazivaa, akashika chuma cha nyuma ya kiti. Walipofika sokoni abiria mwingine aliwapungia mkono, na Banza akashuka kwenda kufungua meza yake. Yule mtu akapanda, akamshika Josias mabegani, wakaondoka. Banza aliwatazama mpaka walipokata kona, na alimwonea wivu mtu yule kwa moyo wake wote.