Kahawa ya Wanawake

Mchi ulianza kugonga kabla ya adhana ya alfajiri. Twa, twa-twa, twa. Bi Nawfa alifumbua macho gizani akautambua mkono: mwanawe Muflih alikuwa akitwanga kahawa. Kule Karak mwanamume hatwangi kahawa mapema hivyo ila ana wageni wazito.

Kando yake mjukuu wake, Rudayna, alikuwa amelalia ubavu usiouma. Usiku mtu alikuja akamfunika kwa joho la manyoya la Muflih. Bi Nawfa aliliona, akaliweka moyoni.

Alimkuta mwanawe chumba cha wageni.

"Nani anakuja?"

"Wazee wa kwao Ghalib, adhuhuri. Wanaomba nimrudishe Rudayna kwa mumewe."

"Nawe utasema nini?"

"Mama, wazee wenye mvi waweke vikombe chini wasinywe, mimi niwanyime? Uso wangu nitauweka wapi?"

"Na mbavu zake tuziweke wapi?"

Muflih akaendelea kutwanga.

Mgeni mwenye haja hagusi kahawa. Mwenyeji akimwambia anywe, haja imekubaliwa, na neno hilo halirudi nyuma. Bi Nawfa alilijua hilo tangu utoto. Akaenda kwa jirani kuazima simu, akampigia Itidal, yule binti wa mjini aliyezunguka vijijini kuwafundisha wanawake haki zao. Wanaume walimwita mvunja nyumba.

"Bibi, nije tumpeleke Rudayna polisi?"

"Hataki, anamwogopea mtoto wake. Jumana bado yuko kwa Ghalib. Wewe njoo mapema, tukae kama wanavyokaa wazee."

Jua halijakaza walikuwa wameshafika: Itidal, Fidda mkunga, majirani wawili watatu, na nyuma yao, akijikongoja, Shaykha, shangazi yake Ghalib mwenyewe. Bi Nawfa alimpisha kwenye godoro lake. Muflih akawamiminia kahawa, maana mgeni ni mgeni. Kila mmoja akaweka kikombe chini.

Muflih akacheka kidogo. "Mama zangu, haya ni mambo ya wanaume."

"Kwani kahawa imeota ndevu?" akauliza Fidda.

Itidal hakucheka. "Tunaomba Rudayna asirudishwe kule, mpaka atake mwenyewe."

"Kunyweni kwanza, halafu..." Muflih akajishika mdomo. "Hapana. Sijasema hivyo."

"Tumekusikia, lakini hatutakunasa kwa ulimi kuteleza," akasema Shaykha. "Sema ukiwa umekusudia. Mwanangu, Ghalib ni damu yangu. Mara ya kwanza alipompiga, mimi ndiye niliyemkanda binti yako mbavu, nikamwambia avumilie. Mara ya pili nilikosa la kumwambia."

Ng'ambo ya ukuta Rudayna alikohoa, kikohozi kifupi cha mtu anayeogopa kuvuta pumzi. Muflih akaugeukia ukuta.

"Kunyweni kahawa yenu," akasema. "Nimekusudia."

Wakainywa ikiwa baridi, wala hakuna aliyekunja uso.

Adhuhuri wazee walikuja, wakaweka vikombe chini. Muflih alisimama. "Wazee wangu, mmetanguliwa. Neno nimeshalitoa."

"Kwa nani?"

"Kwa wanawake waliokaa hapo mlipokaa."

Waliondoka bila kunywa. Mlangoni mmoja akageuka: "Umetawaliwa na mashela, Muflih! Basi mtoto mama yake hatamwona."

Rudayna alisikia. Hakulia. Aliuliza tu, "Nani atamsuka Jumana?"

"Nitamsuka mimi," akasema Shaykha, aliyeketi kando yake. "Ghalib hajanifungia mlango bado."

Muflih aliketi peke yake. Hakuna jirani mwanamume aliyepita kumjulia hali siku ile. Bi Nawfa alimpelekea mkate, akakaa naye.

Jioni akamsindikiza Itidal hadi kwenye gari. Kesi ya kumdai mtoto mahakamani itakuwa ndefu, Itidal alisema. Hakuweza kumwahidi chochote. Bi Nawfa aliushika mlango, hakuuachia.

"Njoo tena Alhamisi, mwanangu. Hata kama huna habari yoyote. Njoo tu."