Ua la Mlimani Kwenye Nyungu

Theresia alirudi kutoka zamu ya maabara, akavua barakoa mlangoni, na harufu ya malimau na tangawizi ikamlaki kabla ya mtu yeyote. Sebuleni, chini ya blanketi, mama mkwe wake alikuwa akipiga nyungu tena. Bibi Ikupa alikuja huku ughaibuni, Lidcombe, kumsalimia mwanawe. Mipaka ikafungwa, na tangu hapo kila dawa iliyosifiwa kwenye simu kutoka Tukuyu ilichemshwa katika sufuria kubwa ya wali.

"Mama, mvuke hauui kirusi."

"Mambo ya vipimo mpelekee bosi wako," sauti ilijibu kutoka blanketini. "Mimi kifua kimefunguka. Hata yale majani yenu ya Uchagani yamesaidia."

"Majani gani?"

"Yale makavu, meupe. Ya kwenye kopo."

Theresia alivuta blanketi. Kati ya maganda ya limau lilielea ua ambalo marehemu baba yake, mpagazi wa Kilimanjaro, alilichuma juu kule ambako miti haioti, akampa mama yake Theresia alipomposa, badala ya maneno. Tangu hapo kila bibi harusi wa nyumba yao alilivaa kichwani. Jumamosi mdogo wake, Nehemia, angemwoa Yvette. Sheria iliruhusu watu watano tu, na mama yao, mipaka ikiwa imefungwa, angetazama kwa simu kutoka Marangu, na aliomba kitu kimoja: alione lile ua.

"Mama, hili ni ua la harusi!"

"Ua la harusi linakaa jikoni, kwenye kopo la chai, karibu na iliki? Ningejuaje, mwanangu?"

Theresia akaenda kuchukua kijiko, akikereka zaidi kwa kuwa ni yeye aliyeliweka kwenye kopo.

Akalitoa ua. Lilikuwa limefumba, rangi ya chai ya rangi. Akajikumbusha analolijua: maua ya aina hii hufumba yakilowa na kufunguka yakikauka, hata yakiwa yamekufa zamani. Akalianika dirishani, akapiga marufuku kuligusa. Binti yake, Vanessa, akauliza kwa Kiingereza kama hawawezi kununua jingine madukani, mtaa wa Liverpool.

Jumamosi likafunguka, upande mmoja. Huko Campbelltown, kwenye ndoa, Theresia, aliyekuwa shahidi, alilibana kwenye nywele za Yvette, upande mzima ukielekea simu. Alikuwa na maelezo tayari: kamera hudanganya rangi.

"Mbona limekuwa la kahawia?" mama yake akauliza papo hapo.

Bibi Ikupa, aliyekuwa akitazama kutoka Lidcombe, akadakia: "Mama Theresia, nisamehe. Nililipigia nyungu."

Nehemia akamtazama dada yake. Mfungisha ndoa, asiyeelewa neno, akatabasamu.

"Yvette mwanangu, geuka kidogo," mama akasema. Akaisogeza simu karibu. "Ndilo. Ndilo lenyewe." Akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Na kifua, Bibi Ikupa, kilifunguka?"

"Kabisa!"

"Maji yake je, mliyahifadhi?"

"Mwanao aliyamwaga."

"Theresia!"