Kuku Juu ya Seva

Mdogo wangu Ditram ana kichwa chepesi kwa kompyuta na kizito kwa watu. Nasema hivyo nikiwa dada yake, tena niliyembeba mgongoni.

Ndiye aliyetuletea seva. Ni kisanduku kidogo, kinakaa sebuleni kwetu hapa Mikumi kwenye meza ya redio, na meseji za ukoo wote zinapita humo. Watani zetu wa Chanzuru, kule Kilosa, akawawekea ya kwao. Kila upande una seva yake, kila mtu anatumia programu aipendayo kwenye simu, na seva zenyewe zinaelewana. "Hapa hakuna mkubwa wa kutufungia mlango," aliwaambia wazee kwenye kikao. Wazee wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

Ukoo wetu na ule wa Chanzuru tunataniana tangu babu zetu walipokata mkonge pamoja. Bibi Tumwagile, mama yake baba, alimpenda mtani wake Bonifas kuliko sisi wajukuu. Alikuwa akimwambia mbele yetu, "Siku nikifa uvae kitenge changu cha njano, utembee kama mimi, uwakaripie hawa kama mimi. Nisiposikia watu wanacheka, silali."

"Wewe kufa tu, bibi," Bonifas anamjibu. "Kitenge nimeshakijaribu, kinanikaa."

Msimu wa mvua wakaja wakulima wa miwa wa Kidodi kuona seva inavyofanya kazi, nayo ikazimika mbele yao. Kesho yake Bonifas akaweka kwenye grupu letu la koo zote mbili picha ya kuku aliyeatamia kisanduku. "Seva ya Ditram imetaga," akaandika, "subirini vifaranga." Tulicheka hadi mbavu zikauma. Ditram akanuna. Hatukujua kwamba alikaa kwenye kompyuta yake akaizuia seva nzima ya Chanzuru, isituletee neno wala kupokea letu.

Bibi alipofariki, kazi ya kutoa taarifa alipewa Ditram. Mama akamuuliza, "Watani wameambiwa?"

"Wameambiwa, mama."

Meseji niliiona mwenyewe kwenye grupu, ina alama ya kutumwa. Hakuna aliyejisumbua kupiga simu.

Tukamzika kimya. Hakuna mtani aliyeingia kaburini akagoma kutoka, kama ilivyo desturi ya watani msibani, hakuna aliyemwigiza bibi. Kitenge cha njano nilikuwa nimekifua na kukipiga pasi, nikabaki nacho mkononi hadi kaburi likajaa. Majirani walitutazama kwa huruma, na huruma ile ilinichoma. Baba mkubwa Wenceslaus akatamka mbele ya waombolezaji kuwa watu wa Chanzuru wametudharau, na utani umekwisha.

Matanga hayajaanuliwa, Bonifas akaingia uani mbio mbio. Habari ameipata kwa dereva wa lori la miwa.

"Shikamoo, mzee."

Baba mkubwa hakuitikia. "Umefuata nini? Bibi yako tumeshamzika."

Bonifas akatoa simu akampa. Kwenye grupu, meseji ya mwisho kutoka kwetu ilikuwa ya zamani, watu wakimcheka kuku. Chini yake hakuna kitu.

Macho yote yakamgeukia Ditram. Nilidhani atasingizia mtandao.

"Niliwafungia mimi," akasema, anatazama chini. "Kwa ajili ya ile picha. Nikasahau kufungua."

Kwetu kukasirikia utani tu tayari ni aibu. Kumnyima marehemu watani wake kwa hasira hiyo, sina jina lake. Niliona haya kana kwamba nimefanya mimi. Baba mkubwa akasema "Marahaba" kwa sauti ndogo, na salamu ilishapita zamani.

Nikamletea Bonifas kitenge. Tulingoja akivae, amtukane Ditram mbele ya wote, ili sote tupumue. Alikipokea kwa mikono miwili, akakitazama, akanirudishia.

"Poleni sana kwa msiba," akasema. Akampa Ditram mkono. "Pole sana, ndugu yangu." Alisema kwa adabu, kama mgeni.

Ditram alifungua seva siku ile ile. Sasa kila asubuhi anachungulia grupu kama kuna tusi la kumtania. Kutoka Chanzuru zinakuja salamu nzuri, za heshima tupu. Juzi akairudisha yeye mwenyewe ile picha ya kuku, na chini ya kuku akaandika jina lake mwenyewe, ili wamcheke.

Bonifas akajibu: "Asante, kaka. Mungu awabariki."